Kengele ya Saa Tano na Dakika Tatu

Inspekta Recheli Ngassa alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikitazama nje, ndipo akapanda ngazi za nyumba ya kina Hilali huku akizihesabu. Zilikuwa kumi na nane, na ya tisa ilikuwa imelegea. Alikuwa na desturi hiyo tangu akiwa konstebo: alichokiona alikiandika, na alichokosa nafasi ya kukiandika alikihesabu. Wenzake kituoni walimcheka. "Mama Ngassa akikamata mwizi wa kuku," walisema, "na manyoya ataorodhesha."

Chumba cha juu kilikuwa na meza moja ndefu, kompyuta mbili, birika la chai ya tangawizi na sahani ya kashata. Chini yake kulikuwa na duka la vitenge la familia, na sauti za wanaopatana bei zilipanda kupitia mbao za sakafu.

"Shikamoo, mama," alisema Haifa Hilali, akiinuka na kuvuta mtandio begani.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nishapoa. Karibu ukae. Huyu hapa ndiye Faris Twalibu niliyekwambia kwenye simu. Amefika jana kutoka Dar, na tangu asubuhi amemaliza nusu ya kashata zangu."

"Robo, afande," alisema kijana aliyekaa dirishani. "Haifa hajui kuhesabu tangu tukiwa darasa la tatu."

Haifa alifanya kazi ambayo jirani zake walishindwa kuieleza. Alisoma programu zilizoandikwa na watu wengine, mstari kwa mstari, kabla hazijakubaliwa kuingia kwenye kernel, yaani kile kiini cha ndani kabisa kinachoiendesha mashine na kuviambia vifaa vyake lini vilale na lini viamke. Waliomtumia kazi walikuwa nchi za mbali. Faris naye alikuwa mhandisi wa kampuni ya Salama Baridi, na sehemu ya programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya Haifa siku hiyo aliiandika yeye.

Recheli aliketi, akafungua daftari lake, akaandika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo. Kisha akalieleza jambo lenyewe upya, taratibu, kwa sababu aliamini kwamba kesi ikisimuliwa tangu mwanzo huwa inajisahau na kusema kitu.

Katika zahanati ya kijiji cha Ngulumwa, mbele ya Kipalapala, kulikuwa na jokofu la chanjo. Ukutani, juu ya jokofu, kilifungwa kifaa cha Salama Baridi, kisanduku kisichozidi kopo la kakao. Kazi yake ilikuwa kupima baridi, na jokofu likitaka kugandisha, kupiga kengele. Chanjo nyingine zikiganda hufa nguvu, hata zikiyeyuka hazifai tena.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne ya kliniki, jokofu liligandisha. Kifaa kiliandika kwamba kiliiona hatari saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, na kengele ikalia papo hapo. Muuguzi, Advera, aliandika katika daftari la zahanati kwamba kengele ililia saa tano na dakika tatu. Kati ya maandishi hayo mawili kulikuwa na dakika arobaini na tisa, na ndani yake watoto kumi na tisa walichomwa sindano kutoka jokofu lile lile.

Watoto waliitwa wakachanjwa upya, na hakuna aliyedhurika. Lakini shaka juu ya Advera ilibaki pale pale. Kama kengele ililia saa nne, basi aliisikia akanyamaza, akawachoma watoto dawa iliyokufa, halafu akaghushi saa. Kama ililia saa tano, alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alhamisi kamati ya nidhamu ingekaa Isikizya, makao ya wilaya, kumhoji, na jalada la Recheli lingeamua kama kutoka hapo anakwenda kazini au mahakamani. Leo ilikuwa Jumanne.

"Akina mama kumi na mmoja nimewahoji," Recheli alisema. "Hakuna aliyesikia kengele kabla ya saa tano. Lakini mzee Leodgar, katibu wa kamati, anasema walikuwa wakiimba nyimbo za kliniki, wasingesikia hata treni. Anasema mashine haina sababu ya kudanganya. Advera ana watoto watatu na kazi moja. Anazo sababu nne."

"Saa ya kifaa umeikagua?" aliuliza Haifa.

"Ndicho kitu cha kwanza. Nilidhani labda waliifunga ikiwa na saa za nchi nyingine. Nimeilinganisha na simu mbili na redio. Inapishana nazo kwa sekunde mbili."

Faris alitabasamu kidogo. "Saa yetu ni nzuri, afande."

"Haya. Nisomeeni sasa. Someni kama mnamsomea mtu aliyeishia darasa la saba, msiruke."

Haifa aliigeuza kompyuta. Vitu vya ndani ya kile kisanduku, alieleza, hulala ili visimalize betri. Kengele nayo hulala. Ikihitajika, kiini huitumia amri ya kuamka, na kuamka huchukua muda. Kwa hiyo Faris aliongeza sehemu ya kupima ucheleweshaji huo: tangu amri inatoka hadi kengele inajibu kwamba iko macho.

"Mistari minne tu," alisema, akiweka kidole kwenye kioo. "Wa kwanza: soma saa. Wa pili: iamshe kengele. Wa tatu: soma saa tena. Wa nne: toa ile ya kwanza kwenye ile ya pili, uliopatikana ndio muda iliotumia kuamka."

"Na siku ile ulipatikana muda gani?"

"Milisekunde nne. Sekunde moja ukiigawa vipande elfu moja, ukachukua vinne."

"Hata kope haijafunga," alisema Faris. "Na sio siku ile tu. Nimeijaribu mara elfu kumi. Haijawahi kuzidi tano."

"Umeijaribia wapi, baba?"

"Mezani kwangu. Ofisini."

"Umeme wa wapi?"

"Wa ukutani." Faris alikohoa. "Lakini kengele ni ile ile, afande."

Recheli aliandika: *mara elfu kumi, mezani, umeme wa ukutani.* Kisha akachomoa karatasi ya kumbukumbu za kifaa, akaivaa miwani yake na kuisoma kwa mara ambayo hata yeye hakuihesabu.

"Hapa panasema imelia saa nne, dakika kumi na nne, sekunde saba. Hiyo saa kifaa kilitazama wapi? Kilisikia mlio kikaandika?"

Haifa alifungua ukurasa mwingine. Alisoma kimya, akarudi nyuma, akasoma tena. Alipoongea alikuwa amesahau kashata.

"Hakikutazama," alisema. "Faris, hii saa ya kulia hujaisoma popote. Umeipiga hesabu! Umechukua saa ya amri, ukajumlisha ule muda wa kuamka."

"Si ni kitu kimoja? Amri imetoka saa fulani, imechelewa milisekunde nne, basi imelia saa fulani na milisekunde nne. Hesabu ya darasa la pili hiyo."

"Ni kitu kimoja kama ile milisekunde nne ni ya kweli."

Chini dukani mtu alicheka kwa sauti na mwingine akaapa kwamba kwa bei hiyo bora amgawie bure. Recheli alikuwa akikitazama kile kioo chenye maandishi asiyoyajua. Maneno mawili tu yalikuwa yamemkaa kichwani.

"Umesema *soma saa*," alisema. "Saa ya nani?"

Wote wawili walimgeukia.

"Sisi polisi," aliendelea, "mtu akiniambia ameona jambo saa mbili, siandiki saa mbili. Naandika saa mbili *kwa saa yake ya mkononi*, au kwa saa ya kanisani, au kwa adhana. Kila saa ina mwenyewe. Mwaka fulani pale Sikonge mlinzi wa ghala la tumbaku aliniapia kwamba amesinzia dakika tano tu. Nikamuuliza umejuaje. Akasema nilitazama saa nikilala, nikatazama nikiamka. Nikaomba niione. Ni ya kutia ufunguo. Ilikuwa imesimama, yeye akiwa amelala, na alipoamka akaitikisa ikaendelea. Basi nauliza: huyu anayepima usingizi wa kengele, ametumia saa ya nani?"

Haifa alirudi kwenye kompyuta. Alipiga vibonye, neno moja likang'aa kwa rangi ya njano. Aliliangalia, kisha akamtazama Faris, na sauti yake ilikuwa ya upole, si ya utani tena.

"Kuna saa mbili ndani ya kiini. Moja inahesabu muda wote. Nyingine inahesabu wakati mashine iko macho tu. Mashine nzima ikilala, nayo inasimama. Umetumia hii ya pili."

"Kila mtu hutumia hiyo," alisema Faris. "Ndiyo nyepesi."

"Kwa mambo mengine haina ubaya. Ningeipitisha hata mimi nisipoangalia. Lakini tazama: amri imetoka, kengele inaanza kuamka, na kabla haijajibu mashine nzima inalala. Saa nayo inasimama. Mashine ikiamka baada ya nusu saa, saa inaendelea ilipoishia, kengele inajibu, na wewe unaandika milisekunde nne. Mlinzi wa mama huyu hapa, na saa yake ya ufunguo."

Faris aliondoka dirishani. Aliinama juu ya meza akaisoma mistari yake minne kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa na homa.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Sikatai. Lakini inawezekana si imetokea, afande. Mashine nzima hailali hovyo. Inalala fofofo pale tu betri inaposhuka chini ya mstari, na ina paneli yake ndogo ya jua juu ya paa. Mwezi wa nane huu, Tabora, saa nne asubuhi! Jua lote hili, ilale kwa nini?"

"Na karatasi yako mwenyewe," alisema Recheli, "inaonyesha kwamba kifaa hupima baridi kila saa ikiwa kamili. Saa moja kamili, mbili kamili, tatu, nne. Siku ile kipimo cha saa tano kimeandikwa saa tano na dakika tatu. Siku kumi na tano nimezipitia, hakuna nyingine iliyochelewa hata dakika."

"Hilo tulilieleza kwa maandishi. Kengele ilikuwa inalia, kifaa kilikuwa na kazi nyingi."

"Kazi nyingi kwa dakika tatu, chenye kuhesabu vipande elfu vya sekunde?"

Faris hakuwa ameshindwa, na Recheli alijua. Kamati ingemuuliza swali lile lile: jua lote hili, ilale kwa nini? Bila jibu la hapo, alikuwa na saa mbaya tu, hakuwa na sababu ya usingizi wa mashine.

Alinyoosha mkono achukue kashata, akausimamisha njiani. Mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa umetoka kwenye ufa wa dirisha, ukavuka kizingiti, ukaishia kwenye chembe alizodondosha Faris.

"Umewaita wageni," Haifa alimwambia Faris.

Recheli aliurudisha mkono, akafunua daftari nyuma kurasa nane, hadi siku aliyopanda ngazi kwenye paa la zahanati, ngazi yenyewe ameiazima kwa fundi wa makanisa ya Moravian. Aliandika hivi: *Paneli kubwa tatu za jokofu, safi, zimeandikwa kwa rangi nyekundu MARUFUKU KUANIKA. Paneli ndogo moja, pembeni, imeinamia uani, mtu mrefu anaifikia akisimama juu ya benchi. Ina madoa ya njano, yananata. Kinyesi cha ndege? Sisimizi wengi.*

Alivua miwani.

"Sisimizi hawapandi paa kufuata kinyesi cha ndege," alisema.

*

Asubuhi ya Jumatano, kabla ya saa moja, gari la polisi lilikuwa limekwisha kuacha lami na kuingia barabara ya vumbi, kwenye njia ya zamani ya misafara. Waendesha baiskeli waliobeba madumu ya asali waliipisha kwa kusimama pembeni. Recheli alikaa mbele. Nyuma walikaa Haifa, Faris na mzee Leodgar, ambaye alikuja na tai yake na kiti cha kukunja, kwa sababu, alisema, viti vya zahanati hupungua pale anapohitaji kukaa.

Advera alikuwa akifagia baraza. Alikuwa amesimamishwa kazi lakini alifagia. Aliwaamkia kwa adabu, akaangalia chini.

"Mwangaluka, mayu," Recheli alimwambia kwa lugha ya nyumbani, na mara moja mabega ya mwanamke yule yalishuka kidogo. "Mtunza zahanati yuko wapi?"

Doto, mtunza zahanati, alitokea nyuma ya jengo, mtu mrefu wa miaka sitini, ungo mkononi. Ndani ya ungo kulikuwa na matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, tayari kuanikwa.

"Hayo unakwenda kuyaanika wapi, mzee wangu?" aliuliza Recheli.

Doto alimtazama askari, akatazama tai ya Leodgar, akatazama ungo. "Popote tu, mama."

"Wiki mbili zilizopita, siku ya kliniki, uliyaanika wapi?"

"Siku nyingi hizo."

"Juu ya paneli ndogo?"

Doto alihamisha ungo kutoka mkono huu kwenda huu. "Ni mimi," alisema haraka. "Nilijiamulia mwenyewe. Muuguzi hajui chochote. Kioo kile ni cheusi, kina moto, mbuzi hafiki, kuku hafiki. Siku mbili yanakauka kama ya siku tano. Kama ni kosa niandikeni mimi, mimi ni mzee."

"Inspekta," alisema Advera.

Alikuwa ameacha kufagia. Alishika mpini wa fagio kwa mikono miwili.

"Usimwandike yeye. Doto alikuwa akianika kwenye paneli kubwa. Mimi ndiye niliyemkataza na kuandika yale maneno mekundu, maana jokofu lingekufa. Akaniuliza, basi kwenye hii ndogo je? Nikamwambia hiyo ni ya taa ya nje, anika tu. Waliotufungia walisema ni ya taa. Nilimruhusu mimi."

Leodgar alikunjua kiti chake taratibu, akaketi, akatoa kalamu. "Sasa tunaelewana. Mtumishi anakiri kuharibu kifaa cha serikali kwa viazi."

"Mbona hukunieleza nilipokuhoji?" aliuliza Recheli.

"Uliniuliza saa ngapi kengele imelia. Uliniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Hukuuliza habari ya matobolwa, na mimi sikujua kama yanahusika." Advera aliinua macho. "Yanahusika?"

"Bado sijui. Nijibuni jambo moja, na msishauriane. Doto, njoo huku." Alimvuta mzee hatua ishirini kando. "Ukishayaanika, unayaacha hadi jioni?"

"Aa, mama! Nitayakuta wapi? Saa tano kengele ya shule inagongwa, watoto wanatoka mapumziko, wale ni nzige. Saa tano kamili mimi nimeshayakusanya yote kwenye ungo, nimeingia nayo stoo. Wakirudi darasani nayatandaza tena."

"Kila siku?"

"Nimekosa siku moja tu, mwezi wa sita. Walinibakizia vipande vinne."

Recheli aliandika neno kwa neno: *saa tano kamili, kwa kengele ya shule.* Akalipigia mstari neno *kamili*. Alirudi barazani.

"Mzee Leodgar, wewe umesema mashine haina sababu ya kudanganya. Leo nataka tuifanyie siku ile ile, mbele yako. Una haraka?"

"Nina kiti," alisema Leodgar.

Wakaianza siku upya. Saa moja na nusu Doto alipanda benchi, akatandaza matobolwa juu ya paneli ndogo, kipande kando ya kipande, hadi kioo hakikuonekana. Karatasi ya kifaa ilionyesha kwamba Jumanne ile mlango wa jokofu ulifunguliwa mara thelathini na mbili kabla ya hatari kuonekana, na kila mara kisanduku kiliamka kikaandika. Basi Faris akakaa kwenye kigoda akafungua na kufunga mlango wa jokofu, ambalo kwa sasa halikuwa na chanjo, huku Recheli akimpa saa ya kila mara kutoka kwenye karatasi.

"Digrii yangu," alisema Faris alipofika mara ya kumi na tisa. "Mama yangu angeniona."

"Angesema hatimaye umepata kazi ya maana," alisema Haifa. "Funga."

Saa nne na dakika kumi na mbili Advera alileta bakuli la barafu iliyochanganywa na chumvi. Haifa alikitumbukiza humo kipimo cha baridi, waya wake mwembamba ukining'inia. Wote walikitazama kisanduku ukutani. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa.

"Kuamsha kengele ndiko kunakokula umeme kuliko kitu kingine chochote humu," Haifa alisema kwa sauti ya chini. "Betri ikiwa na njaa, ule mvuto wenyewe ndio unaoishusha chini ya mstari. Kama ni kulala, kitalala pale pale kinapotaka kupiga kelele."

Dakika nne zikapita. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Ndani ya kisanduku kitu kikasema *tk*.

Kisha taa ikazimika. Kengele haikulia.

Faris alifungua kinywa. Recheli aliinua kidole, akatazama saa yake ya mkononi, akaandika: *saa nne na dakika kumi na sita, kwa saa yangu.* Akavuta benchi, akaketi.

"Tunasubiri nini?" aliuliza Leodgar.

"Doto na watoto wa shule."

Wakasubiri. Mwanamke mmoja alipita na mtoto mgongoni akauliza kama leo kuna kliniki, akajibiwa hakuna, akakaa naye kuona kunani. Nyuki alizunguka ndoo ya maji. Leodgar alimaliza kuandika alichokuwa akiandika, akakisoma, na kadiri dakika zilivyokwenda alizidi kukitazama kisanduku kile chenye taa iliyokufa. Kule shuleni sauti za watoto zilikuwa zikiimba jedwali la saba.

Saa tano kasoro dakika mbili Doto alisimama bila kuambiwa, akachukua ungo, akapanda benchi. Alikusanya matobolwa kwa viganja, polepole, asivunje. Kengele ya shule ikagongwa, na watoto wakamwagika uwanjani kwa kishindo. Kioo cha paneli kilibaki wazi, kina madoa ya njano, kikitazama jua.

"Moja," alihesabu Recheli. Dakika ikapita. "Mbili."

Katikati ya dakika ya tatu taa ya kijani iliwaka, na kengele ikalia.

Ililia kwa ukali, mlio mrefu wa kukereketa uliowafanya watoto wasimame uani na kuziba masikio. Mwanamke mwenye mtoto aliruka. Hakukuwa na wimbo wa kliniki duniani ambao ungeufunika mlio ule, na Leodgar, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka ukutani, alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

Haifa aliinyamazisha, akachomeka waya kwenye kompyuta yake. Hakuisoma yeye. Alimgeuzia mzee. "Soma wewe, baba. Nisije nikaambiwa nimeongeza."

Leodgar alisogeza miwani. "Hatari imeonekana saa nne, dakika kumi na sita," alisoma. "Muda wa kengele kuamka, milisekunde nne. Kengele imelia saa nne..." Alisita. Aliitazama saa yake ya mkononi, akaitazama kompyuta, akairudia saa. "Imelia saa nne, dakika kumi na sita."

"Wewe umeisikia saa ngapi?"

Mzee aliinua kiti chake. Kisha alikaa chini, akachukua karatasi aliyokuwa akiiandika tangu asubuhi, ile yenye neno *viazi*, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa ndani.

"Saa tano na dakika mbili," alisema. "Kwa saa yangu."

Faris alikuwa ameinamisha kichwa. "Nabadilisha leo," alimwambia Haifa. "Ni neno moja tu."

"Neno moja, na ile hesabu ya kujumlisha nayo itoke. Na uandike kwenye maelezo ilikotoka hitilafu. Nitakusoma mstari kwa mstari."

"Najua."

"Na usimamishe vifaa vingine vyote hadi iingie. Zahanati ngapi zina kisanduku hiki?"

"Arobaini na moja," alisema Faris, na safari hii hakuna aliyemtania.

Recheli alimgeukia Advera. Muuguzi alikuwa bado na bakuli mikononi, barafu imekwisha kuyeyuka, maji ya chumvi yakimdondokea miguuni.

"Kesho Isikizya nitaandika yote," alimwambia. "Na ruhusa ya matobolwa nitaiandika, mama, siwezi kuiacha."

"Iandike."

"Bila hiyo ningekuwa na saa iliyosimama tu, na wangeniuliza mashine imelalaje kwenye jua. Ungenyamaza asubuhi hii ukamwacha Doto ajibebeshe, angeogopa kusema zaidi, nisingepata ile saa tano kamili."

"Sikusema ili inisaidie," alisema Advera.

"Najua. Na hilo nimeliandika."

Leodgar alijiinua, akakunja kiti chake. Alikwenda hadi mezani pa muuguzi, mahali ambapo daftari la jokofu lilikuwa limefungwa tangu siku aliposimamishwa, na kalamu ya zahanati imefungwa kwa uzi pembeni yake. Alilifungua, akautafuta ukurasa wa mwisho, ule wenye mstari *saa tano na dakika tatu, kengele imelia, chanjo zimetengwa*. Akausoma kimya. Kisha akaligeuza daftari na kumsogezea Advera.

"Kengele imelia," alisema. "Nani anaandika hapa?"

Advera aliweka bakuli chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, mbele na nyuma, akashika kalamu, akatazama saa ya ukutani.

Uani, Doto alikuwa ameukumbatia ungo wake kifuani na kuwafukuza watoto kwa mguu.